Utabiri Uliokatwa Mkia

Siku hiyo mjinga alikuwa U Mya Thaung mwenyewe, na ushahidi ulikuwa tumboni mwake.

Asubuhi aliingia kwenye mkahawa wa chai unaotazamana na soko la Pakokku, akapenya katikati ya vigoda vifupi na magoti ya watu, akasimama mbele ya Ko Tint Swe, mwenye kinu cha mafuta ya karanga, akamnyooshea kidole. Miaka yake yote ya upelelezi katika polisi ya reli ilikuwa imekusanyika kwenye ncha ya kidole kile.

"Wewe ndiye uliyemnunua mpiga ramli," alisema, kwa sauti iliyomfikia hata mkaanga chapati huko nyuma. "Ulimposa Ma Ngwe Hnin, ukakataliwa. Sasa anaolewa na mwingine, nawe umekwenda kununua utabiri mbaya ili harusi ivunjike. Kana, nikusikie."

Ko Tint Swe aliweka kikombe chini. Hakuwa na haraka.

"U Thaung, mimi nimeoa."

"Umeoa lini?"

"Ijumaa iliyopita. Nawe ulikuwepo. Ulikula bakuli mbili za tambi za nazi, ukaomba yai la ziada, ukamwambia mke wangu ana mkono wa baraka."

U Mya Thaung alitazama tumbo lake.

"Nilidhani ile ni harusi ya kaka yako."

"Kaka yangu ni mtawa."

Mkahawa ulilipuka kwa kicheko. Mtu mmoja alipaliwa na chai, ikabidi apigwe mgongoni. Kidole cha U Mya Thaung kilibaki hewani kidogo, hakina pa kwenda, mwishowe kikaagiza kikombe cha chai ya maziwa na chapati mbili, maana kilikuwa tayari kimenyooka.

Kwenye meza ya pembeni aliketi mwanamke mwembamba, sigara ya majani nene kama kidole gumba ikifuka mdomoni mwake. Huyu alikuwa Daw Saw Yi, shangazi wa bwana harusi, na ndiye aliyempa U Mya Thaung kazi hii.

"Umemaliza?" alimwuliza.

"Nimemwondoa mmoja kwenye orodha ya washukiwa."

"Umemwondoa kwa kula harusini kwake. Keti hapa, baba, nikueleze upya, pengine jana ulikuwa unasikiliza huku unatafuna." Alikung'uta majivu. "Mpwa wangu Ko Lwin Aye ni mwalimu. Serikali imempeleka Myeik, kule kusini kabisa, na Jumatatu anapanda meli. Jumapili ndiyo harusi. Jumapili ikipita, watawa wanaingia kwenye miezi yao ya mvua na hakuna mtu anayeoa nchi nzima. Akienda Myeik bila mke, hiyo miezi mitatu yote atakuwa peke yake, na Myeik ina samaki wengi na mabinti wengi. Sasa mama wa binti amefuta harusi kwa sababu ya maneno ya watabiri wa ngazini pa pagoda. Nataka kujua ni nani aliyetia maneno hayo mdomoni mwa nani. Hayo tu. Na usimnyooshee mtu kidole tena kabla hujauliza."

"Maneno yalisemaje hasa?"

"Ah! Sasa umeanza kazi. Mimi sijui. Twende wakwambie wenyewe."

*

Nyumba ya Daw Kyin Nu ilijulikana kwa harufu kabla ya kuonekana. Chini ya sakafu iliyoinuliwa juu ya nguzo, wanawake wanane walikuwa wameketi mkekani wakisokota sigara za majani, mikono ikienda, midomo ikienda, na vyote viwili vikasimama mgeni alipoingia. Juu yao, darini, majani makavu yalikuwa yamening'inizwa kwa mafungu. Daw Kyin Nu mwenyewe, mjane mwenye kifua kipana na macho yaliyovimba kwa kulia, alileta majani ya chai ya kuchachua na karanga za kukaanga. Binti yake Ma Ngwe Hnin alibaki mkekani na mkasi wake. Alikuwa anakata ncha za sigara, kwacha, kwacha, kwa namna ambayo mtu angefikiri kila sigara imemkosea.

"Nani alikwenda kwa mnajimu?" aliuliza U Mya Thaung.

"Kaka yangu," alisema Daw Kyin Nu. "Baba wa mtoto akiwa hayupo, yeye ndiye mkubwa wa nyumba. Alizibeba siku za kuzaliwa za wote wawili, akaenda kwa Mwalimu Hmat. Aliporudi alikuwa mweupe kama wali."

Kaka mtu, U Chit Phwe, aliketi kwenye ngazi ya kupandia darini. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mnene kidogo, mpole wa uso, na ngazi ile ilionekana ngumu sana kwa makalio yake.

"Sitaki maana ya alichosema," alisema U Mya Thaung. "Nataka maneno yenyewe, kama yalivyotoka."

U Chit Phwe alitazama vidole vyake vya miguu. Dada yake ndiye aliyeyasema, kwa sauti ya mtu aliyeyakariri usiku kucha bila kutaka.

"'Mmoja atainamisha shingo. Mwingine atatoka na jicho moja. Wasipotenganishwa mapema, hakuna atakayebaki na miguu ya kusimamia.'"

Mkekani mwanamke mmoja alijishika shingo. Mwingine alijifunika jicho.

"Hayo ndiyo maneno?" U Mya Thaung alimgeukia kaka mtu.

"Hayo hayo."

"Mwalimu Hmat alisema 'jicho moja'?"

"Alisema."

"La kulia au la kushoto?"

U Chit Phwe alisita. "La... hakutaja upande."

"Na kafara je?"

"Kafara gani?"

"Kafara ya kuondoa hilo balaa. Mnajimu hakutoa kafara?"

"Alisema hili halina kafara."

Mkekani kelele zikaanza zote kwa pamoja. Halina? Lini mtu alisikia balaa lisilo na kafara? Mama mmoja mwenye meno mekundu kwa tambuu akapaza sauti juu ya wenzake: "Mume wangu aliambiwa atapigwa na radi. Mwaka mzima alikuwa anamwagilia mti mtakatifu wa bodhi asubuhi, tena kwa bakuli la shaba. Radi ikampiga jirani!"

"Jirani hakumwagilia?" aliuliza U Mya Thaung.

"Hakumwuliza mnajimu!"

U Mya Thaung akasimama kama mtu anayenyoosha miguu. Chini ya ngazi palikuwa na tenga kubwa la mianzi, la kufunikia jogoo, limelala ubavu, tupu. Karibu yake bakuli la mpunga uliolowekwa.

"Jemadari yuko wapi?" Pakokku nzima ilimjua jogoo wa U Chit Phwe. Kuna watu waliokuwa wanamwamkia jogoo kwanza, halafu mwenye jogoo.

"Amekufa," alisema U Chit Phwe. "Kideri."

"Pole sana. Lini?"

"Wiki hii."

"Na mpunga huu?"

"Mazoea tu. Mkono unaloweka wenyewe."

"Vidole vyako vya manjano, kaka. Umekuwa unapika?"

"Namsaidia dada jikoni, siku hizi za huzuni. Nilitwanga manjano."

Mama wa meno mekundu alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyu? Jikoni? Huyu akitaka maji ya kunywa huuliza jiko liko upande gani!"

"Nimeanza kujifunza," alisema U Chit Phwe kwa heshima.

Kwacha, ulisema mkasi wa Ma Ngwe Hnin. Ndipo naye akanena kwa mara ya kwanza, bila kuinua uso. "Mjomba, Jemadari alipoumwa na nge mwaka jana hukula siku mbili. Mwaka huu amekufa, na jana ulikula sahani tatu."

"Huzuni ina njia nyingi, mwanangu," alisema mjomba.

*

Ngazi za pagoda zilikuwa zimejaa. Wauza maua, wauza vinyago vya bundi wa bahati, bibi wa karata, kijana wa kusoma viganja, na juu yao wote, kwenye kivuli kizuri kuliko vyote, Mwalimu Hmat na ubao wake wa kuandikia kwa chaki. Alikuwa mzee mfupi mwenye shavu moja lililotuna kwa tambuu. Daw Saw Yi alimwinamia kwa adabu. U Mya Thaung aliketi na kusema:

"Mwalimu, tumesikia wewe ndiye mpiga ramli mkubwa wa mji huu."

Shavu liliacha kutafuna.

"Mpiga ramli ni yule wa chini, mwenye karata. Yeye anapiga, zinamwangukia. Kijana wa viganja anasoma. Yule mama anayepandwa na mizimu siku za sikukuu yeye hasomi wala hapigi, anaambiwa, na akiambiwa atakuita 'mwanangu' hata ukiwa babu yake. Kukisia ni kwa wale wa redioni wanaosema mvua itanyesha. Mimi, bwana, nahesabu." Aligonga ubao. "Kila mtu na neno lake. Ukimwita mwokaji mchinjaji, utapata mkate?"

"Nisamehe, Mwalimu. Kwa hiyo hutabiri?"

"Hesabu ndiyo inayosema. Mimi namsomea mteja jibu, na namsomea kwa maneno ya ngazini hapa. Nikiona ugonjwa nasema 'wingu'. Nikiona ugomvi nasema 'upepo wa ubavuni'. Nikiona kile ambacho sote tutakiona, nasema 'safari ndefu', na siku hizo huwa nampa mteja chai kwanza. Sema 'damu' hapa, mteja atakimbia mpaka mtoni na kuacha viatu. Sema 'wingu', atakaa na kuuliza litapita lini."

"Na litapita lini?"

"Hapo ndipo kazi yangu inapoanza."

U Mya Thaung alisogea karibu. "Sasa nisikilize hili, uniambie ni neno la nani katika hao wote wa ngazini." Akayasema, moja baada ya jingine, shingo na jicho na miguu.

Mwalimu Hmat alitema tambuu lake lote, ambalo halikuwa limefika hata nusu.

"Jicho moja? Miguu? Nani aliyesema hivyo?"

"Inasemekana ni wewe. Kwa U Chit Phwe, juu ya harusi ya mpwa wake."

"Mimi! Mimi ninaongea na watu waliotoka majumbani na hofu zao, niwaambie habari za macho kutoka?" Alimgeukia kijana wa viganja. "Wewe, umewahi kusema 'jicho moja'?"

"Mungu aniepushe," alisema kijana.

"Bibi?"

"Hata karata ya kifo ikitoka," alisema bibi wa karata, "mimi husema ni mabadiliko."

Daw Saw Yi aliitoa sigara mdomoni. "Kwa hiyo siku za watoto hawa ni njema, Mwalimu?"

"Siku zao zina wingu. Sikatai. Wingu dogo, la kawaida, ndoa nyingi nzuri zimepita chini yake."

"Na kafara ulitoa?" aliuliza U Mya Thaung.

Mzee alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama amevaa nguo. "Nimekaa ngazi hizi tangu nywele zangu nyeusi. Nikimwonyesha mtu mtaro bila kumwonyesha ubao wa kuvukia, huo si unajimu, ni uchokozi. Nilitoa."

"Ni kafara gani?"

Mwalimu Hmat akafuta ubao kwa kiganja, ingawa ulikuwa mtupu. "Hiyo husemwa kwa anayeitenda, sikio kwa sikio. Nikikwambia wewe, imeoza, nao watoto watabaki na wingu lao."

"Na anayeitenda ni nani?"

"Aliyekuja. Amezaliwa Jumamosi, ni mkubwa wa nyumba, hesabu imemwangukia yeye. Zaidi ya hapo mdomo wangu una kazi." Akafungua jani jingine la tambuu na kuanza kulipaka chokaa.

Walishuka ngazi. Daw Saw Yi alikuwa anapiga hatua ndefu mpaka sketi yake ya kitenge ikalia.

"Ameificha! Yule mnene ameificha kafara! Naenda kumkamua."

"Bado, shangazi. Tunajua ameficha. Hatujui ameficha nini, na akitukatalia, Mwalimu hawezi kumsuta, maana kafara haitajwi. Tena kuna jambo linanikera. Mtu mpole kama yule, maneno yale ameyatoa wapi? Mtu akidanganya hutumia maneno aliyonayo nyumbani."

*

Njia fupi ya kurudi ilipita nyuma ya kinu cha mafuta. Watu kama ishirini walikuwa wamefanya duara uani, na katikati ya duara majogoo wawili walikuwa wanapimana. Ko Tint Swe aliwaona wapitaji kwa mbali.

"U Thaung! Nimeoa tena! Njoo ule!"

Duara zima likacheka. U Mya Thaung aliinua mkono kukubali kipigo, akaendelea kutembea. Ndipo mzee mmoja, magoti yake yakiwa kifuani, akapiga kelele kwa mwenye jogoo mwekundu:

"Watenganishe! Watenganishe mapema! Wako anainamisha shingo!"

U Mya Thaung alisimama kana kwamba mtu amemshika kola.

"Baba," alimwambia mzee, "umesemaje hapo?"

"Ameinamisha shingo. Huoni? Jogoo akishainamisha shingo, ukimwacha hatabaki na miguu ya kusimamia."

"Na jicho moja?"

"Jicho moja muulize huyu," mzee akamwonyesha Ko Tint Swe kwa kidevu. "Jogoo wake alipigana na Jemadari, akatoka nalo moja."

"Na bado ninalia," alisema Ko Tint Swe. "Ingawa siku hizi nasikia Jemadari amekufa. Nilikwenda kutoa pole, nikamkuta U Chit Phwe anachemsha mayai."

"Mayai ya nini?"

"Ya kumpa jogoo nguvu kabla ya pambano. Aliniambia anayala mwenyewe."

"Na manjano?"

"Jogoo hupakwa manjano, ngozi ikaze. Kila mtu anajua hilo." Ko Tint Swe alimtazama vizuri. "U Thaung, mbona unatabasamu? Unanitisha. Mara ya mwisho ulipotabasamu hivyo ulikuwa unaomba yai."

*

Waliporudi kwa Daw Kyin Nu, mkeka ulikuwa bado umejaa na U Chit Phwe alikuwa bado kwenye ngazi yake. Ko Lwin Aye, bwana harusi, alikuwa amefika pia. Alisimama uani na mwavuli, kijana mrefu wa miwani, hajui kama ameruhusiwa kuingia. U Mya Thaung alimvuta kwa mkono akamketisha, kisha akasimama mbele ya wote. Safari hii mikono aliiweka nyuma.

"Nimeuliza kwanza," alisema, akimtazama Daw Saw Yi. "Sasa naomba nisikilizwe. Maneno yaliyovunja harusi hii hayakutoka ngazini. Kule hakuna anayethubutu kusema shingo wala jicho, hata bibi wa karata. Hayo ni maneno ya uani nyuma ya kinu cha mafuta, wanaposhindanisha majogoo. Mtu alitaka kuwatisha, akatafuta maneno ya kutisha kuliko yote aliyowahi kuyasikia, na yale aliyoyapata ni ya jogoo."

"Kaka?" alisema Daw Kyin Nu.

"Pili, Mwalimu Hmat alitoa kafara, na aliitoa kwa U Chit Phwe. Utabiri uliingia nyumba hii umekatwa mkia. Kwa nini mtu aufiche mkia? Kwa sababu unamgharimu yeye. Na ni kitu gani U Chit Phwe anacho ambacho hataki kimtoke?"

"Jogoo wangu amekufa!" alisema U Chit Phwe. "Mna roho gani ninyi? Marehemu mnamsingizia!"

"Mpunga umelowekwa, mayai yanachemshwa, vidole vina manjano, na tangu asubuhi hujashuka kwenye ngazi hiyo."

"Ni ngazi nzuri."

"Basi niruhusu nitoe rambirambi zangu."

U Mya Thaung alifunga macho, akavuta pumzi, akapiga mikono yake miwili kwenye mapaja kama mbawa, na mpelelezi mstaafu wa polisi ya reli akawika.

Haikuwa kazi nzuri. Mbwa wa jirani alibweka. Wanawake wa mkekani walilaliana mabegani kwa kicheko, na bwana harusi akavua miwani ili asione.

"Umeona?" alisema U Chit Phwe. "Kimya. Marehemu hajibu."

"Koo langu lilikuwa na chai." Akawika tena, safari hii kwa dharau, kama jogoo mgeni anayedai ua wote ni wake.

Darini, nyuma ya mafungu ya majani, sauti nene, kali, iliyojaa matusi, ilimjibu.

Iliwika mara tatu mfululizo. Kisha kitu kikaanguka, blanketi likateleza, na Jemadari akatokea juu ya ngazi, shingo ndefu, kifua kinang'aa kwa manjano, amekasirika mpaka mkia, akitafuta ni nani aliyethubutu. Alimruka U Chit Phwe kichwani, akatua katikati ya mkeka juu ya sigara za siku nzima, na hakuna aliyemlaumu, kwa sababu mama wa meno mekundu alikuwa anapiga makofi na wengine wakafuata.

U Chit Phwe alishuka, akamchukua jogoo, akamkumbatia. Machozi yakamtoka.

"Mwalimu alisema kuna wingu," alianza. "Akaniinamia sikioni, akasema litapita kama nitamwachia huru kiumbe nimpendaye kuliko wote, aende kuishi monasterini, nisimrudishe tena. Ndiyo hiyo. Nimeisema sasa, na ikioza mmeiozesha ninyi."

"Haiozi," alisema Daw Saw Yi. "Wewe ndiye mwenye kuitenda."

"Njia nzima nilijitahidi, nawaapia. Nilisimama kwa bata wa jirani, nikamtazama kwa muda mrefu, nikajaribu kumpenda. Sikuweza."

Hata Daw Kyin Nu alicheka, huku anajifuta macho kwa ncha ya shali. "Sasa kwa nini hukuniambia tu kwamba siku zao ni njema? Ningejuaje mimi?"

"Niseme njema, halafu wingu limwangukie mtoto?" U Chit Phwe alikasirika kwa dhati. "Mimi si mtu wa namna hiyo, dada. Nilimlea huyu binti mgongoni. Ndiyo maana nikasema harusi isiwepo kabisa. Bila harusi hakuna wingu, bila wingu hakuna kafara. Nilifikiri nimepata njia ambayo hakuna anayeumia."

Ko Lwin Aye alikohoa. "Mimi niliumia kidogo, mjomba."

"Wewe bado kijana."

"Basi imekwisha," alisema Daw Saw Yi. "Mpeleke jogoo monasterini sasa hivi, sisi tukapike."

Lakini U Chit Phwe hakusogea. Alimkaza jogoo kwapani.

"Ngojeni kwanza. Harusi si inaweza kusubiri mvua ziishe? Jemadari ana pambano mwezi ujao. Apigane hilo moja, halafu nitamtoa, kwa moyo mweupe."

"Na Myeik je?"

"Myeik haihami! Mnataka nimfanye huyu mtawa? Kule atakula mara moja kwa siku, kabla ya adhuhuri! Atasikiliza sala! Atapigana na nani, na mabata? Mtu mwenye kifua kama hiki!" Sauti yake ilipanda mpaka darini. "Na kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya wingu la mzee mmoja na ubao wake! Mnalijuaje hilo wingu? Nani alilishika? Kukisia, kuhesabu, kusoma viganja, yote ni maneno! Hebu asimame mtu mmoja katika nyumba hii aniambie anajua ya kesho!"

Hakuna aliyesimama. U Mya Thaung, ambaye asubuhi alikuwa hajui hata ya Ijumaa iliyopita, aliona afadhali aitazame dari. Jemadari aligeuza kichwa huku na huku, anasubiri naye.

Ma Ngwe Hnin aliweka mkasi chini, akainuka, akakung'uta vumbi la majani kwenye sketi yake, akalichukua lile tenga tupu la chini ya ngazi na kuliweka mbele ya miguu ya mjomba wake.

"Mimi najua," alisema. "Kesho Jemadari hatalala nyumba hii. Atakuwa monasterini, na Jumapili mimi naolewa, na wewe mjomba utakwenda kumwona kila siku ukiwa na mayai yako. Au atakuwa kwenye sufuria ya mama, maana binti aliyekosa harusi ni lazima afarijiwe na mchuzi. Na kafara yake nakupa papo hapo, sijaukata mkia: tenga hilo, monasteri ni kona ya kwanza kulia, na maji ya mchuzi hayajachemka bado."